Nani Hapumziki Siku ya Krismasi?

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, waandishi wenzangu, na ninyi vijana mliokaa sakafuni kwa kukosa viti: wa kupewa shikamoo shikamooni, na wengine wote hamjambo.

Nimepewa saa moja kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu hulimaliza kwa dakika tano: sikukuu za nchi ya kubuni. Humu ndani tuna watunzi wa riwaya, tuna wachoraji wa hadithi za picha, tuna wanaotunga michezo ya kompyuta, na karibu kila mmoja ana nchi yake kichwani. Mimi pia ninayo. Ina mto mmoja mpana, ina Wakristo wa makanisa mawili yasiyoelewana, na mpaka leo haina jina. Lakini sikukuu zake nimezihangaikia kuliko jina lake, na leo nataka niwaeleze kwa nini.

Kila mwaka nasoma miswada ya waandishi wanaoanza. Ramani huwa imekamilika. Milima ina majina, sarafu ina picha ya mfalme, jeshi lina vyeo. Kisha nafika kwenye sura ya Krismasi, na nchi yote inatulia ghafla. Kengele zinalia, kila mtu yuko nyumbani, kila mtu yuko mezani. Hapo huweka kalamu pembeni nikajiuliza: hicho kilichoko mezani kimepikwa na nani, ameamka saa ngapi? Kengele kapiga nani? Yule mgonjwa wa sura ya tatu aliyevunjika mguu, leo nani anamgeuza kitandani? Mwandishi hajui. Hajawahi kuwaza kwamba sikukuu ya huyu ni kazi ya yule.

Hilo ndilo nililokuja kulisema. Kabla hujaipa sikukuu jina, kabla hujaitafutia nyimbo na mavazi, jua nani anaacha kazi siku hiyo, nani haachi, na gharama inamwangukia nani. Nitazunguka kidogo, nitapitia historia, nitapitia mpaka mwezi wa angani, ila mzigo wangu ni huo mmoja.

Twende Uingereza ya mwaka 1647. Bunge liko mikononi mwa Wapuritani, watu walioisoma Biblia mwanzo hadi mwisho wasione mahali palipoamriwa Krismasi. Mwezi Juni wakapitisha amri ya kufuta Krismasi, Pasaka na Pentekoste. Ukiishia hapo utasema huu ni ugomvi wa wanateolojia. Endelea kuisoma: amri hiyohiyo inaagiza kwamba wanafunzi, vijana wanaojifunza ufundi na watumishi wapewe siku ya kujiburudisha, Jumanne ya pili ya kila mwezi. Wabunge wale walikuwa na watumishi majumbani mwao. Walijua kwamba kijana wa jikoni ukimnyang'anya Krismasi umemnyang'anya siku aliyoanza kuihesabu tangu mvua za kwanza za baridi. Desemba ilipofika, meya wa Canterbury akaagiza maduka yafunguliwe tarehe 25 kama siku nyingine yoyote, na mji ukaingia ghasia. Mwaka 1660 ufalme uliporudishwa, Krismasi nayo ikarudi.

Kwa hiyo mtawala wako wa kubuni akifuta sikukuu, usimwandikie hotuba ndefu ya kuikana dini ukadhani umemaliza. Mwandikie ile Jumanne. Mwandike kijana aliyepewa Jumanne badala ya Krismasi, naye hajui aende nayo wapi, maana kwao siku hiyo watu wote wako shambani.

Hili la kujua uende wapi na siku yako linanigusa sana, kwa sababu mapumziko ya mtu mmoja peke yake ni nusu ya mapumziko. Mwaka 1929 Umoja wa Kisovyeti ulianza kuondoa wiki ya siku saba viwandani ili mashine zisisimame kamwe. Wafanyakazi wakagawanywa makundi matano, kila kundi na rangi yake kwenye kalenda ya ukutani, na kila kundi na siku yake ya kupumzika katika wiki ya siku tano. Ukihesabu kwa vidole, mfanyakazi alipata nafuu: kazi siku nne, mapumziko siku moja. Jumapili ilitoweka, na hilo nalo lilikuwa limekusudiwa, maana Jumapili ndiyo siku ya kanisa. Sasa ingia nyumba moja. Baba ana rangi ya njano, mama ana rangi ya zambarau. Baba anapumzika, mama yuko kiwandani, watoto wako shule. Anakaa mezani na kikombe chake, saa nne asubuhi, nyumba kimya. Huyo mtu amepewa likizo, lakini sikukuu hana. Mwaka 1931 wakubwa wakabadili, ikawa wiki ya siku sita yenye siku moja ya mapumziko kwa wote, na mwaka 1940 wakarudi kwenye siku saba, na Jumapili ikarudi pale pale ilipokuwa.

Wafaransa wa mapinduzi walikuwa wameshatangulia. Kuanzia 1793 walikuwa na wiki ya siku kumi, mapumziko siku ya kumi. Mtu anayeshika jembe hakuhitaji kwenda shule kuielewa hesabu hiyo. Kalenda yao ilikoma tarehe 1 Januari 1806, na aliyeiondoa ni Napoleon, ambaye mwenyewe anatufaa sana sisi watunzi.

Napoleon alizaliwa tarehe 15 Agosti 1769, siku ambayo Kanisa Katoliki linaadhimisha Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Mwaka 1801 alipatana na Papa, na mwaka uliofuata sikukuu za kanisa za katikati ya wiki zilizotambuliwa na dola zikabaki nne tu: Krismasi, Kupaa kwa Bwana, Kupalizwa kwa Maria, na Watakatifu Wote. Fikirini ni siku ngapi za watakatifu zilizokatwa hapo kwa kalamu moja, na ni mafundi wangapi waliokuwa wakipumzika siku ya msimamizi wao. Kisha Napoleon akawa kaisari, na mwaka 1806 akapachika juu ya 15 Agosti sikukuu ya Mtakatifu Napoleon, mtakatifu ambaye waumini wengi hawakuwa wamewahi kumsikia. Mwanakijiji anatoka kwenye maandamano ya Bikira Maria, anakuta sherehe za kaisari zinamngoja uwanjani. Kaisari akaanguka. Maria akabaki. Ufaransa ikatunga sheria ya kutenganisha dini na dola mwaka 1905, na hadi leo tarehe 15 Agosti ofisi zimefungwa.

Natamani kila mmoja wenu awe na tarehe moja ya namna hiyo katika nchi yake, tarehe yenye tabaka juu ya tabaka, kama ukuta wa zamani uliopakwa rangi mara tano. Na msidhani ni dola tu inayopaka rangi juu ya kanisa. Tarehe 1 Mei wafanyakazi waliipata katika mkutano wa kimataifa wa wasoshalisti uliofanyika Paris mwaka 1889, kwa kumbukumbu ya mgomo wa Marekani wa 1886 na damu iliyomwagika Chicago. Mwaka 1955 Papa Pius XII akaweka siku hiyohiyo sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Mzee seremala ambaye kwa miaka mingi alikuwa akichagua kati ya bendera nyekundu na kanisa, sasa siku moja inamvuta kutoka pande zote mbili. Mzee huyo akiwa kwenye riwaya yako, mfuate kutwa nzima.

Kuna jambo hukosewa mara nyingi na linatakiwa lisemwe kwa ufupi. Ukubwa wa sikukuu kanisani haukuambii kama ni siku ya mapumziko. Ijumaa Kuu ni siku ya kazi nchini Italia, ni siku ya kazi Poland, na ni siku ya kazi Ufaransa isipokuwa sehemu za mashariki, Alsace na Moselle. Nchi hizo hizo zinapumzika Jumatatu ya Pasaka. Scotland, nchi ya Kikristo kabisa, Krismasi ilikuja kuwa siku ya mapumziko ya umma mwaka 1958. Kwa hiyo usiseme "nchi yangu ni ya Kikristo" ukadhani umeshajibu swali. Wakristo gani? Walishinda lini, na walimshinda nani?

Sasa nije kwenye mwezi, maana hapa nina la kuungama.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika hadithi ambayo msichana anatoroka usiku wa Alhamisi Kuu. Watu wako kanisani wanakesha, yeye anavuka mto kwa mtumbwi. Niliandika giza totoro mpaka alfajiri, hakuna mwezi, nyota tu zinamulika maji. Nililipenda lile giza. Hadithi ikachapishwa, na baada ya wiki mbili msomaji mmoja, mvuvi aliyestaafu, akaniandikia mistari minne. Akasema: mwandishi wangu, mimi nimevua usiku maisha yangu yote. Alhamisi Kuu haina giza la kukesha. Mwezi umeuficha wapi?

Nilikaa na ile barua jioni nzima. Alikuwa na haki. Kanuni inayofungamanishwa na Mtaguso wa Nisea, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ni kwamba Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake. Mwezi wenyewe hukokotolewa kwa majedwali ya kanisa, lakini kwa kalenda yetu ya sasa hautofautiani sana na ule unaouona juu ya mti. Maana yake ni kwamba wiki nzima ya mateso ina mwezi mkubwa. Alhamisi Kuu mwezi uko karibu kujaa, au umejaa, au umeanza kupungua siku chache tu zilizopita. Unaweza kupata giza saa za mwanzo wa usiku. Giza mpaka alfajiri hupati. Mawingu ndiyo yangeniokoa, na mimi nilikuwa nimeshaandika nyota.

Toleo la pili msichana anavuka mtoni kukiwa na mbalamwezi, na kila anayesimama ukingoni anaweza kumwona. Hadithi ilibadilika yote. Sasa swali halikuwa tena kama ataonwa. Swali likawa nani amemwona akanyamaza. Akapatikana mlinzi wa gati ambaye hakwenda kukesha kanisani kwa kuwa zamu ilikuwa yake. Mlinzi huyo hakuwepo katika toleo la kwanza, na sasa ndiye ninayempenda kuliko wote. Mwezi ndio uliomleta.

Basi shikeni mambo machache ya Pasaka, mengine mtayafungua kwenye majedwali. Haiwezi kutangulia tarehe 22 Machi, haiwezi kupita tarehe 25 Aprili. Mwaka 1818 iliangukia 22 Machi. Mwaka 1943 iliangukia 25 Aprili, na itaangukia hapo tena mwaka 2038. Ukiisogeza, umesogeza msafara mzima: Jumatano ya Majivu siku 46 kabla yake, Kupaa kwa Bwana siku 39 baada yake, Pentekoste siku 49 baada yake. Kwaresima ikiwahi, sherehe za kabla yake zinabanwa na Januari. Mwaka 2024 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 14 Februari, siku ya wapendanao, na kila mwenye mkahawa mahali penye Wakatoliki alilazimika kuamua apike nini.

Sikukuu nazo zinagongana, na zina vyeo. Tarehe 25 Machi ni Kupashwa Habari kwa Bikira Maria, miezi tisa kamili kabla ya Krismasi. Mwaka huohuo wa 2024 tarehe hiyo ilikuwa Jumatatu ya Wiki Takatifu, na Kanisa Katoliki likaihamishia 8 Aprili. Kama nchi yako imeifanya 25 Machi siku ya mapumziko ya taifa, je, serikali inahama pamoja na kanisa? Shule zinafungwa tarehe ipi? Lebanon, kwa mfano, tangu mwaka 2010 imeifanya 25 Machi sikukuu ya taifa ya Wakristo na Waislamu kwa pamoja, kwa kuwa Maryamu anaheshimiwa na wote wawili. Serikali ikikubaliana na dini mbili juu ya tarehe, haihami kirahisi kwa sababu ya kanuni ya dini moja.

Wapo waliochoka na huku kuhamahama. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1928 ya kuifunga Pasaka kwenye Jumapili inayofuata Jumamosi ya pili ya Aprili. Sheria ipo mpaka leo, na haijawahi kuanza kutumika. Mimi huiwaza mara nyingi ile karatasi ndani ya kabati. Nchi ya kubuni inahitaji sheria za namna hiyo, zilizopitishwa na kuachwa, kwa sababu nchi za kweli zimejaa hizo.

Nimesema nchi yangu ina mto na makanisa mawili. Upande wa chini wanafuata Kalenda ya Gregori, upande wa juu wanafuata ya Juliasi, ile ya zamani iliyotangulia. Wazo hili sikulitoa hewani. Papa Gregori XIII alipotengeneza kalenda mwaka 1582, Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa ya tarehe 15. Siku kumi zikarukwa. Nchi za Kikatoliki zilitangulia, za Kiprotestanti zikagoma kwa kuwa amri imetoka kwa Papa. Uingereza ilikubali mwaka 1752, Urusi mwaka 1918. Katika mji wa Augsburg, Ujerumani, wenye Wakatoliki na Waprotestanti ndani ya kuta zilezile, kalenda mpya ilizusha ghasia mwaka 1584. Fikirini soko la mji mmoja ambamo mchinjaji anafunga na mnunuzi wake hafungi. Sweden iliamua kwenda polepole kwa kuruka mojamoja zile siku za 29 Februari, ikapotea njiani, ikajikuta hailingani na yeyote, ikaamua kurudi nyuma, na ili hesabu ikae sawa Februari ya mwaka 1712 ikapewa siku 30. Kuna watu walizaliwa tarehe 30 Februari. Mtoto kama huyo mkimweka kwenye riwaya, msomaji atadhani mmetia chumvi.

Leo kalenda hizo mbili zimeachana kwa siku 13. Ndiyo maana Krismasi ya Warusi inaangukia 7 Januari ya kalenda ya kawaida. Waethiopia, wenye kalenda yao ya miezi 13, nao husherehekea tarehe hiyo. Waarmenia wana 6 Januari, kwa sababu nyingine kabisa: waliishika desturi ya kale ya kuunganisha Kuzaliwa na Ubatizo wa Bwana katika siku moja. Pasaka nazo mara hukutana, mara huachana. Mwaka 2024 ya Magharibi ilikuwa 31 Machi na ya Kiorthodoksi 5 Mei, majuma matano kati yao. Mwaka 2025 wote walikutana tarehe 20 Aprili. Na ukitaka kuona kwamba tarehe ya Krismasi ni siasa nzito, angalia Ukraine: mwaka 2023, vita vikiendelea, bunge lilitunga sheria ya kuihamisha sikukuu ya taifa kutoka 7 Januari kwenda 25 Desemba.

Nchi yako ikiwa na Waislamu, na nyingi zinapaswa kuwa nao, kumbuka kwamba mwaka wao una siku kama 11 pungufu, kwa hiyo Idi huzunguka misimu yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Mwaka 2000 kulikuwa na Idi el-Fitri mbili, moja Januari na nyingine mwisho wa Desemba, siku chache tu baada ya Krismasi. Sura moja ya mwaka kama huo inaweza kubeba kitabu kizima: mwenye duka mmoja, familia mbili, likizo tatu, na mishahara ya mwezi mmoja.

Nimetaja mishahara, na hapo ndipo sikukuu zinapoacha kuwa mapambo. Zamani Uingereza sikukuu nne za kanisa ndizo zilizokuwa siku za madeni: 25 Machi, 24 Juni ya Yohane Mbatizaji, 29 Septemba ya Malaika Mikaeli, na Krismasi. Siku hizo kodi ya ardhi ilidaiwa, watumishi waliajiriwa na wengine kuondoka. Hadi leo mwaka wa kodi wa Waingereza unaanza tarehe 6 Aprili, na mzizi wake ni ile 25 Machi ya kalenda ya zamani. Basi mpangaji maskini akisikia wimbo wa Malaika Mikaeli, tumbo linamkata. Hiyo ndiyo sikukuu ninayotaka kuisoma: padri anatabasamu, mwenye shamba anatabasamu, na kwenye benchi la mwisho kuna mtu anahesabu sarafu ndani ya mfuko bila kuzitoa.

Wala msidhani hayo yamepita. Denmark walikuwa na Siku Kuu ya Maombi, Ijumaa ya nne baada ya Pasaka, iliyowekwa kwa sheria mwaka 1686. Waoka mikate hawakuruhusiwa kufanya kazi siku hiyo, kwa hiyo watu wakazoea kununua mikate midogo ya ngano jioni ya kuamkia, na ile mikate ikawa sehemu ya sikukuu yenyewe. Mwaka 2023 bunge liliifuta siku hiyo kuanzia 2024, ili watu wafanye kazi siku moja zaidi na kodi isaidie kugharamia ulinzi. Vyama vya wafanyakazi viliandamana. Ureno walifuta sikukuu nne kuanzia 2013 kwa sababu ya hali ngumu ya fedha, mbili za taifa na mbili za kanisa, zile za kanisa kwa makubaliano na Vatikani. Mwaka 2016 zote nne zikarudishwa. Ninapenda uangalifu ule wa Ureno, mbili huku na mbili kule, kama watu wanaogawana hasara ya mazishi.

Sasa tuone haya yote yakiwa ndani ya mtu mmoja, halafu niwaachie nafasi ya maswali.

Katika nchi yangu kuna daraja, na darajani kuna mtoza ushuru. Mama yake ni wa upande wa juu, baba yake wa upande wa chini. Ofisi yake iko katikati kabisa, kibanda cha mbao chenye madirisha mawili, moja linatazama kila ng'ambo. Tarehe 25 Desemba mkuu wake wa upande wa chini anamwambia: wewe kaa zamu, kwenu Krismasi bado. Anakaa. Anasikia kengele za upande mmoja, anapokea ushuru wa wachache wanaopita wakiwa wamevaa vizuri, na wanampungia mkono kwa huruma. Siku 13 zinapita. Mkuu wa upande wa juu anamwambia: wewe kaa zamu, wewe Krismasi umeshakula. Anakaa tena. Amefanya hivyo miaka 19. Nchi ina Krismasi mbili kwa mwaka, kanuni zote mbili zimefuatwa, hakuna mkuu aliyemdanganya, na yeye hajapumzika hata moja.

Nilipompata mtu huyu ndipo nikajua nchi yangu imeanza kuishi. Sikumpata kwa kuchora ramani. Nilimpata kwa kuuliza, sikukuu baada ya sikukuu, nani amebaki kazini.

Sura yake sijaimaliza. Nimefika jioni ya tarehe 6 Januari, ambayo dirisha la pili linaita 24 Desemba. Kwenye daftari la ushuru ameandika tarehe zote mbili juu ya ukurasa kama alivyofundishwa siku yake ya kwanza. Mto umejaa. Mwaka huu ameleta mkate wake mwenyewe, ameufunga kwa kitambaa cha mama yake, na kabla hajaukata anasikia mtu anagonga lile dirisha ambalo jioni kama hii haligongwi na mtu.